Sukari Kwenye Gauni la Mama Mdogo

Ilianza Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, na naitaja saa yenyewe kwa sababu mpaka leo nikiifikiria masikio yanapata moto, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kucheka basi cheka kabisa umalize ndio uendelee kusoma. Mimi naitwa Winfrida, nyumbani Wini, niko kidato cha tatu, na mwalimu akiuliza swali ninalolijua huwa najifanya kalamu imeangukia chini ya meza naitafuta mpaka ajibu mwingine. Siwezi kuongea mbele za watu. Ninachoweza ni kushona.

Na sishoni nguo za siku hizi (hizo mafundi wapo tele pale senta), mimi nashona zile za zamani, za kwenye picha za bibi zisizo na rangi: mikono iliyojaa kama puto, ukosi wa duara, vifungo vilivyovishwa kitambaa vinavyoshuka mgongoni mpaka kiunoni, na vijikofia vyenye wavu, na vimikoba vya shanga ambavyo haviingii kitu zaidi ya leso. Patani nakata kwenye karatasi za mifuko ya saruji, vitambaa naokoteza mnadani kwenye mashuka na mapazia ya mtumba, na cherehani ni ya bibi, ile ya kuzungusha kwa mkono, ukiiharakisha inalia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikimaliza nguo naivaa chumbani, najitazama, naivua, naikunja. Hakuna aliyekuwa anaziona na mimi nilipenda hivyo hivyo.

Mpaka siku mama mdogo Paskalina alipoingia bila kubisha hodi.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, wanakaa jirani na sisi hapa Sepuka, yeye na baba mdogo Yohana, na wana watoto wanne, ila ndoa yao ilikuwa haijabarikiwa kanisani. Kila mwaka wanapanga na kila mwaka kinatokea kitu, mara alizeti haijatoka, mara msiba, mara mtoto mwingine huyo anazaliwa. Na kwetu Wakatoliki maana yake ni kwamba wakati wa komunyo wenzako wanasimama wanaenda mbele, na wewe unabaki umekaa unakunja magoti pembeni ili wapite. Tangu nimepata akili mama mdogo alikuwa wa benchi la nyuma kabisa, la mlangoni. Hakuwahi kulalamika. Ila nilikuwa namwona, watu wakianza kupita, anainama kumfunga mtoto kamba za viatu, hata siku ambazo mtoto amevaa ndala.

Sasa safari hii padri alishatangaza, Jumamosi saa nne asubuhi, na mama mdogo akakataa gauni la kukodi la mjini. Akaniletea picha ya harusi ya bibi, ambaye ndiye mama yake, bibi mwenyewe amesimama wima kama mlingoti na gauni limetanuka chini kama kengele. (Gauni lenyewe panya walishalimaliza zamani.)

"Wini, nataka hili."

"Mama mdogo, mimi si fundi."

"Kwani nimesema wewe fundi? Nimesema nataka hili."

Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kukataa kunahitaji maneno mengi.

Nisijisifu, lakini gauni lilitoka. Shuka zito la pamba, jeupe, mikono imejaa, vifungo kumi na nane vyote nimevivisha kwa mkono. Tatizo likawa shimizi la ndani, lile linalotakiwa kulitanua gauni. Nilikuwa nimelishona kwa neti ya pazia, tabaka juu ya tabaka, na hiyo Ijumaa saa kumi na nusu mama mdogo alipolijaribu lilimlalia miguuni kama mfuko ulionyeshewa mvua. Kengele hakuna. Mama mdogo alijitazama kwenye kioo, halafu akaitazama picha, halafu akasema "haina shida, ni zuri hivi hivi," kwa ile sauti ya mtu mwenye shida.

Bibi aliyekuwa kitandani anachambua maharage akasema, "Tia wanga wa muhogo. Unapika uji mwepesi, unachuja, unaloweka, unaanika kutwa."

Kutwa! Na jua ndilo hilo linaenda zake. Nikatoka mpaka sebuleni nimeshika shimizi, macho yakaangukia kwenye makochi, na hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Si mnavijua vile vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi? Mama akivifua anavichovya kwenye sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, anavifunika juu ya bakuli, vikikauka vinasimama kingo juu kama sahani. Nikajiuliza, kama sukari inasimamisha kitambaa cha kochi, itashindwaje kusimamisha shimizi? (Kichwani ilisikika kama sayansi kabisa. Na kemia huwa nafaulu, jamani.)

Nikachemsha, nikachovya, nikaning'iniza kwenye kamba kichwa chini, na upepo wa kwetu wenyeji mnaujua, magharibi haijafika shimizi limekauka kau. Nililiweka sakafuni likasimama lenyewe bila mtu ndani. Bibi akalizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Huu wanga?"

"Mm," nikajibu. (Mm si uongo. Mm ni mm.)

Jumamosi asubuhi tukamvalisha, na nikwambie ukweli, kama ningekufa dakika ile ningekufa nina heshima zangu. Gauni lilitanuka! Mama mdogo akajizungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, shimizi linalia kwaru kwaru kama majani makavu, na bibi akaziba mdomo kwa khanga akasema kitu kwa Kinyaturu, mama naye akaanza kulia, ikabidi nitoke nje nijifanye natafuta pini.

Kanisani aliingia kama malkia. Mbele yake anatembea Asteria, kitinda mimba wake, miaka mitano, kabeba maua. Viapo vikaenda salama. Kisha padri akabariki pete kwa maji ya baraka, na padri wetu huyu hanyunyizi, yeye anamwagilia kama yuko kwenye bustani ya vitunguu, akapiga ule mkono wake kwa nguvu zote, yale maji yakapita pete, yakapita baba mdogo, yakatua yote kwenye gauni, yakapenya mpaka kwenye shimizi.

Nikaona. Mimi peke yangu kanisa zima ndiye niliyejua kinachofuata, na nilikuwa nimekaa benchi la pili siwezi hata kukohoa.

Ikaja baraka ya maharusi, ile ndefu, wamepiga magoti kwenye mito miwili ya velveti nyekundu na kanisa limetulia tuli. Wakaja inzi. Kwanza mmoja, akatua kwenye pindo. Halafu akaenda kuwaita ndugu zake. Asteria, kwa mapenzi tu ya kumsaidia mama yake, akaanza kuwafukuza kwa mkono, mkono ukanata, akautazama, akalamba kidole. Akafikiri kidogo. Akainama akalamba gauni.

"Mama!" akapaza sauti mpaka dari ikaitika. "Gauni lako tamu!"

Padri akakatisha baraka. "Mtoto anasemaje?"

"Anasema gauni tamu, padri," akajibu mzee mmoja wa benchi la mbele, kwa heshima kabisa.

Asteria akaona kama haaminiki. "Kweli! Baba, lamba na wewe!"

Kanisa likaangua kicheko, kwaya ndio usiseme, mpiga kinanda aliinamia kinanda kikalia chenyewe. Nilitamani benchi linimeze. Na bado, kwa sababu ilipofika komunyo mama mdogo alisimama na mto wa velveti ukasimama naye. Umegandia kwenye shimizi huko nyuma, unaburuzika kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Baba mdogo akauvuta mara ya kwanza, haukutoka, akaukanyaga kwa kiatu ndipo ukaachia, chraaa, na kipande cha neti kikabaki nao.

Mama mdogo hakugeuka. Sikio lake lilisikia kila kitu, najua, lakini hakugeuka hata kidogo, alienda mbele na inzi wake, akafumba macho, akapokea. Mimi nilikuwa nalia, na sijui ilikuwa aibu au nini.

Ningependa kuandika kwamba yaliishia hapo. Nyumbani chini ya turubai watu wakamrushia zile karatasi za kung'aa zikaganda zote, vumbi likaganda, punje za pilau zikaganda, na shimizi likawa limemshika miguu anatembea kama kafungwa kamba. Emsii akamwita akakate keki, akanyanyuka na kiti cha plastiki kikanyanyuka naye.

"Ndugu wageni!" emsii akashangilia kwenye maiki. "Bibi harusi wetu ni mtamu mpaka kiti kimekataa talaka!"

Mimi huyo, nikakimbilia nyuma ya jiko kwenye masufuria, nikachuchumaa. Niliapa nitaishi pale. Haikupita muda nikasikia kwaru... hapana, kwaru ilishakufa, nikasikia plwa plwa plwa, na mama mdogo huyu hapa amesimama juu yangu.

"Wini. Mkasi."

"Mama mdogo, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Mkasi kwanza, kulia baadaye."

Nikamkatia lile shimizi, likaanguka chini kama ngozi ya nyoka. Gauni nalo, limepoteza cha kulitanua, likashuka likafunika viatu na kubaki linaburuza. Akalitazama. Akanitazama.

"Pandisha pindo."

"Hapa?"

"Kule. Watu wanangoja keki."

Akanishika mkono (ana mkono wa mtu anayelima, huponyoki) akanipeleka mpaka mbele ya keki, mbele ya wageni wote, na mimi nikapiga magoti kwenye vumbi na sindano mdomoni, nazunguka gauni napiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, najichoma, nachoma, najichoma tena. Emsii akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akaja na maiki.

"Kumbe fundi ndiye huyu! Fundi, simama uwaambie wageni siri ya utamu."

Nikasimama. Nikatoa sindano mdomoni. Turubai zima linanitazama, mpaka wanafunzi wenzangu wapo, na kichwani hakuna kitu, kweupe, kama daftari la siku ya kwanza. Nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia marahaba. Nikaona wanangoja. Nikasema, "Nilidhani ni kitambaa cha kochi."

Walivyocheka! Kuna mama mmoja alianguka na kiti. Emsii akataka kuongeza la kwake lakini mama mdogo alishampokonya maiki.

"Haya, nyamazeni. Hapa kuna mwanamke ambaye siku yake alivaa gauni kama la mama yake mzazi?" Akazungusha macho turubai zima. "Hakuna. Mimi nimevaa. Na huyu ndiye aliyenishonea, mtoto wa dada yangu, na bado hajamaliza, kwa hiyo mumwache ashone. Kuleni keki."

Bibi akapiga vigelegele. Nikapiga magoti tena nikamalizia pindo, na sasa sikujichoma sana.

Jumapili asubuhi niliamka mapema nikalitumbukiza shimizi kwenye beseni la maji ya moto litoe sukari, nikaingia ndani kutafuta sabuni, kutoka nje nakuta nyuki. Wamelizunguka beseni wanakunywa, hawana hata haraka. Nikakaa kwenye ngazi niwasubiri. Nilishaamua kanisani siendi, pengine mpaka nimalize kidato cha nne. Na nilishajiapiza kwamba maisha yangu yote sitatia nguo kitu ambacho binadamu anaweza kukinywea chai, na bibi akisema wanga ni wanga, na akisema kutwa ni kutwa, hata harusi ingoje.

Mama mdogo akatokea na kitenge chake kipya, Asteria kamshika mkono.

"Hujavaa tu?"

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Naona aibu, mama mdogo."

Akakaa kwenye ngazi pembeni yangu, akawatazama nyuki, akacheka peke yake. Halafu akasema, "Unajua miaka yote hiyo niko kule nyuma, nilikuwa najiuliza hawa watu wanagombania nini kukaa mbele. Kumbe kuna feni."

"Kuna nini?"

"Feni, mwanangu! Inakupuliza mpaka shingoni. Na mimi kule mlangoni nakula vumbi, hakuna hata mmoja aliyeniambia." Akasimama, akakung'uta kitenge. "Kaoge. Mbele kunawahiwa."

Nikaoga. Nikavaa lile gauni langu la kijani, la ukosi wa duara, lile ambalo lilikuwa halijawahi kutoka chumbani, na kijikofia chake. Njiani watoto wakaita "Kitambaa cha Kochi! Kitambaa cha Kochi!" na mama mdogo akawapungia mkono kama wameita jina lake. Tukapita mlangoni, tukapita benchi la nyuma, tukaenda mpaka la kwanza kabisa, tukakaa.

Feni kweli ipo. Inapuliza mpaka shingoni.