Baiskeli Iliyobisha kwa Mguu Mmoja

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. La, hamsini na saba Randu alikuwa bado Changamwe akibingirisha mapipa ya mafuta, na hata kibanda chake cha Timbwani, huku Likoni, kilikuwa hakijajengwa. Basi tuseme hamsini na tisa, mvua za vuli zilipochelewa, maana watu wanakumbuka vumbi la njia ya kivukoni lilivyokuwa likimjaa Randu mpaka kwenye kope, naye ameinama anapuliza gololi moja moja kabla ya kuzirudisha ndani ya gurudumu.

Randu alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mrefu, si msemaji, mwenye vidole vyeusi vya grisi visivyotakata hata siku ya Krismasi. Ufundi wa baiskeli aliuokota hukohuko Changamwe, akiwatengenezea wenzake wa kazini, kisha akavuka maji akajisimamishia kibanda cha makuti kando ya njia, pale watu wanapoteremkia feri. Alikuwa na desturi yake moja. Mtu akimletea baiskeli, Randu haitazami baiskeli kwanza. Humtazama mwenyewe, hasa miguu. "Hebu tembea kidogo," humwambia. Mtu anakwenda hatua chache na kurudi, hajui kama anatengenezewa au anachekwa.

Bakari, muuza kahawa aliyekuwa akiweka dele lake kivulini mwa kibanda hicho, hakuacha kumtania. "Fundi, ukishamaliza kumkagua hivyo, peleka na posa basi."

"Posa nitapeleka kwenu," Randu humjibu bila kuinua kichwa, "ila dada zako wanatembea kama wewe."

Lakini baiskeli ikitoka mikononi mwa Randu, ilimkaa mwenyewe. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Tena hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nyuma ya kibanda palikuwa na debe la vyuma vilivyopotelewa na wenzao: breki ya upande mmoja, nusu ya kengele, na pedeli moja kuukuu ya mpira, ya kushoto, ambayo Bakari aliipa jina la Yatima. Pedeli ya kushoto hufungwa kwa kuzungushwa kinyume, kwa hiyo upande wa kulia haikai hata ukiilazimisha. Bila mwenzake haina kazi. Randu aliifuta vumbi akairudisha debeni, mara nyingi tu, na Bakari akacheka kila mara.

Asubuhi moja alikuja mwanamke wa makamo, amejifunga leso, anasukuma baiskeli iliyokula kutu mpaka ikawa rangi ya udongo. Ilikuwa ya zamani, ya kabla ya vita vya pili, breki zake za vyuma virefu badala ya waya. Haikuwa na kiti. Pedeli pia hazikuwapo, ni vyuma vitupu vilivyokuwa vikizunguka. Jina lake mwanamke yule ni Mwanasaumu, binti wa Mzee Mwinyihaji.

Kwa Mzee Mwinyihaji hapakuwa na mtu wa Likoni asiyepajua. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti, toka Mtongwe mpaka huko Waa. Miaka mingi, palipotokea msiba, mtu alitumwa kwake, naye akapanda baiskeli yake akaenda. Hakupata kuchelewa, wala hakupata kumsimulia mtu alichokiona kwenye mwili wa mwenzake. Sasa macho yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, na kazi ile wameishika vijana.

"Hodi, fundi," alisema Mwanasaumu.

"Karibu, mama. Nani anaipanda hii?"

"Babangu. Yaani alikuwa akiipanda. Sasa anasema nimemuuzia."

Randu akaweka spana chini. "Si hii hapa?"

"Ndiyo hii hapa. Ilikuwa juu ya dari ya banda la mbuzi siku zote. Nilimshika mkono nikampeleka, akaipapasa. Alipotia mguu akakuta vyuma vitupu. Akasema, hili gofu mmeliokota jaani mnihadae nalo. Tangu siku hiyo hali chakula changu, analetewa na jirani. Kila asubuhi namwamkia, shikamoo baba. Ananyamaza." Akakaza fundo la leso. "Mzee mkubwa yule, fundi. Akifa hana radhi nami, nitakwenda wapi?"

"Pedeli zake zilikwenda wapi?"

Mwanasaumu akatazama upande wa kivuko. "Hazipo," akasema.

Randu hakumchimba zaidi. Aliipindua baiskeli juu chini akaanza kuikwangua. Bakari akajongea na kikombe. "Kazi nyepesi hiyo. Ipake rangi nyeusi, itie pedeli mpya zile zinazong'ara, mzee afurahi."

"Mzee haoni, Bakari. Rangi nimpakie nani? Huyu ataitazama kwa nyayo."

Ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Kutu aliitoa kwa mchanga na mafuta ya taa. Kiti cha ngozi kilipatikana Mtopanga, kimekakamaa, akakilainisha kwa mafuta ya nazi mpaka kikabonyea. Pedeli ndizo zilizomnyima raha. Madukani zilikuwapo za mpira, mpya, nono, kingo zake za mviringo. Alizishika akaziacha. Zile zilikuja baada ya vita. Kuitia baiskeli hii pedeli zile kungekuwa kama kumvika mzee kofia ya mjukuu wake. Baiskeli za umri ule alizokuwa ameziona zilikuja na pedeli za chuma kitupu, bapa, zenye meno pande zote mbili.

Akavuka, akaenda mpaka Changamwe kwa Kazungu, aliyewahi kubingirisha naye mapipa, ambaye sasa alikuwa na lundo la vyuma chakavu nyuma ya nyumba. Wakafukua tangu asubuhi.

"Wenzako wanakuja hapa kutafuta kizima," Kazungu alimwambia, "wewe waja kuchagua kutu."

"Kutu pia ina umri wake," alisema Randu, na hapohapo mkono wake ukagusa meno. Jozi nzima, kulia na kushoto, zimegandamana kwa grisi ya zamani. Alirudi kivukoni amezifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba samaki.

Siku ya kumwonyesha mzee, Randu aliipeleka baiskeli mwenyewe, akaisimamisha uani kwa stendi yake ya nyuma, gurudumu likaning'inia. Mzee Mwinyihaji alitolewa nje na jirani, kanzu yake safi, uso ameuinua juu kidogo kama wafanyavyo wasioona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Randu, fundi wa njiani."

"Nawe wamekutia katika uongo wao?"

"Mimi natengeneza tu, mzee. Pandisha mguu, uniambie."

Mzee akashika usukani. Akapandisha mguu wa kulia, mtupu, akauweka juu ya chuma. Vidole vikajikunja, vikakunjuka. Mwanasaumu alikuwa mlangoni, anatazama. Kisha mzee akaweka wa kushoto, na papo hapo akauondoa kana kwamba ameungua.

"Pedeli ya kulia inasema kweli," alisema. "Ya kushoto ni mwongo. Si yangu."

"Ya kushoto ina kasoro gani, mzee?"

"Nikikwambia utaitengeneza iwe hivyo. Mwenye kuwa nayo anajua ilivyo."

"Baba, wallahi ndiyo yako," alisema Mwanasaumu.

Mzee hakugeuka upande wa sauti ile. Jirani akamnong'oneza Randu kwamba akili za mzee zimeshachoka, asijisumbue. Randu alikuwa amechuchumaa, anatazama miguu kama ilivyokuwa desturi yake. Na akaona jambo ambalo mtu mwingine angepita nalo: kati ya kidole gumba na cha pili, miguu yote miwili, palikuwa na pengo pana, na sugu ngumu iliyong'aa kama jiwe la mtoni.

"Mama," alimwita Mwanasaumu pembeni, "mzee alikuwa akipanda baiskeli na viatu gani?"

Mwanasaumu karibu acheke. "Viatu? Na mitalawanda yake ya kuoshea maiti. Ile ya mbao. Watu wote walimcheka, mtu kupanda baiskeli na mitalawanda. Lakini alisema akifika huko ataivaa tu, kwa nini abebe viatu jozi mbili."

"Ipo?"

Ilikuwapo, chini ya kitanda, imefungwa gunia. Mbao nzito, kila mmoja na msuruaki wake, kile kijiti cha kushikwa na vidole, kimelika kikawa chembamba. Randu akaigeuza chini juu. Mtalawanda wa kulia ulikuwa umetafunwa: safu mbili za vishimo vidogo, meno ya chuma, miaka kwa miaka. Wa kushoto haukuwa na kishimo hata kimoja. Ulikuwa laini, na juu ya ulaini ule mistari miwili mirefu, myeusi, iliyoingia ndani ya mbao.

Alibeba mtalawanda ule wa kushoto mpaka kibandani, akauweka mbele ya Bakari.

"Wewe mwenyeji hapa. Mzee Mwinyihaji alipokuwa akipita, baiskeli yake ililiaje?"

Bakari hakufanya mzaha mara hii. "Hiyo wanakumbuka wote. Ilibisha. Ko. Halafu kimya. Ko. Halafu kimya. Sisi watoto tukiisikia tunaacha mchezo, tunajua kuna mtu ameondoka. Mamangu alikuwa akisema inabisha kwa mguu mmoja."

"Na hukujiuliza kwa nini mmoja?"

"Nani atajiuliza, fundi? Tulikuwa tukijificha."

Randu akaenda nyuma ya kibanda. Akalichakura debe, akamtoa Yatima. Mpira wake ulikuwa umekauka, vipande viwili virefu, kila kimoja na mgongo wake ulioinuka. Akauweka mtalawanda juu yake. Migongo ikaingia katika mistari kama mkono katika mfuko.

Bakari akapitisha kidole kwenye mistari ile. Kisha akammiminia Randu kahawa.

Randu na Bakari waliporudi uani kwa mzee alasiri ile, fundi akaifungua pedeli ya chuma ya kushoto na kumfunga Yatima mahali pake. Chuma kulia, mpira kushoto. Baiskeli ilikuwa na sura ya mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili. Mafundi wengine wangeona haya kuitoa nje vile. Randu alimvisha mzee mitalawanda kwa mikono yake, akamsaidia kupanda mpaka akakaa kitini.

Mguu wa kulia ukatua. Ko. Wa kushoto ukatua, kimya.

Mzee akazungusha mara moja, polepole. Ko. Akazuia mguu. Akainama, akapapasa pedeli zote mbili kwa vidole, kisha mkono ukapanda na bomba la fremu mpaka kwenye mkwaruzo wa zamani chini ya kiti, mahali Randu alipokataa kukwangua wala kupaka kitu.

"Baiskeli ni yangu," alisema. "Ya kushoto ilinikatikia njiani Waa, nikafika mazikoni mguu unaning'inia, mwenye msiba akanipa ya mpira. Mtu asiyekuwa nayo hajui hilo." Halafu akazigusa tena pedeli. "Lakini pedeli hizi si zile. Zile ziko wapi?"

Hakumuuliza Randu, na wote pale walilijua hilo.

Mwanasaumu akaja mpaka mbele, akapiga magoti kando ya gurudumu. "Ziko majini, baba. Nilimpa marehemu mume wangu azitie kwenye yake, ya kwendea kazini. Siku moja feri ilipoyumba baiskeli yake ikaanguka majini pale kivukoni, nazo zikaenda. Sikukuuza kitu. Ila sikukuomba ruhusa, kisha nikaogopa kukwambia."

Mzee alikuwa amekishika kiti kwa mkono mmoja, mdomo wake unacheza.

"Ungenambia," alisema.

"Ningekwambia. Nisamehe. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanasaumu akabaki pale chini, leso usoni. Mzee akaunyosha mgongo, akaanza kukanyaga. Gurudumu la nyuma likazunguka hewani. Ko, kimya. Ko, kimya. Baiskeli haikwenda popote, naye alikuwa akienda, unamwona kabisa anakata kona, anapunguza mwendo mahali pa mchanga, anakaza mlimani. Nje, njiani, watu wakaanza kusimama. Mwanamke wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua, mkono kifuani, akauliza nani amefariki. Bakari akanyamazisha vikombe vyake mkononi.

Mzee alikwenda vile mpaka jasho likamtoka kwenye kofia. Kisha akaacha kukanyaga, akaliacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe, akasema kwa sauti ya mtu aliye kazini:

"Haya. Tumefika."

Akanyosha mguu kutafuta ardhi. Randu akamshika kwapani, akamteremsha. Jioni ile mzee alikula wali wa mwanawe.

Mzee Mwinyihaji aliondoka duniani kabla ya bendera mpya ya uhuru kupandishwa. Randu si mtu wa dini ile, hakuingia ndani kuosha. Alikaa nje na wanaume, na baiskeli ile imesimamishwa kando ya mlango, chuma kulia, mpira kushoto. Alikwenda akazeeka palepale kivukoni, akitazama miguu ya watu. Aliwauliza Mwanasaumu, na Bakari, na wazee wa msikitini, kwa miaka, kama vile alivyomuuliza mzee mwenyewe siku ile alipomteremsha baiskelini akamkalisha kwenye mkeka, na mzee akageuza tu uso upande wa upepo: pale uliposema tumefika, mzee, palikuwa kwenye msiba wa nani?