Dawa Iliyoshukuriwa Mapema

Tangu pikipiki initeremshe nyumbani, mjini Baraka kando ya ziwa, sikukaa kitako. Mama aliniwekea kiti, nikasimama. Akaniletea chai, nikainywa nikizunguka ua. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake wa kulia. Nilipoondoka kwenda chuoni ulikuwa ukitetemeka kidogo tu. Sasa alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye turubai, na samaki wakawa wanamwagika mchangani.

"Mama, vidonge vya daktari unameza?"

"Nilishaacha. Mi nangoja ile yako."

"Yangu gani?"

"Dawa yako ya mukono! Nilishatoa ushuhuda kanisani. Bamama bote balipiga bigelegele."

Ala! Kwetu mtu hushukuru kabla ya kupokea, ndiyo imani yenyewe. Lakini mimi dawa sina! Kwa simu nilimwambia tu kwamba nachunguza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mkono kutii, ambayo kwake imepungua. Yaliyobaki akayamalizia mwenyewe. Hasira zikanipanda, sijui nimkasirikie yeye au nijikasirikie mwenyewe.

Nikachuchumaa, nikamweleza. Ndani ya mishipa ya fahamu, dopamini hukaa kwenye vifuko vidogo mno pamoja na ATP, molekuli inayobeba nguvu ya mwili. Kazi yangu kule chuoni ni kujua zinashikana vipi. Tunazichanganya majini, tunapitisha mwanga, mashine inachora mistari. Zikishikana, mstari unahama. Unahama kiduchu, mama, na siku hiyo mimi naruka kama mwendawazimu.

"Halafu mugonjwa anapona?"

"Hapana. Tunaona tu."

"Miaka yote hii, munaona tu?"

Nikainuka tena. Niliona aibu hadi masikioni. Nikamsihi arudie vidonge, sauti ikapanda kama ya mtu anayegombana. Akaendelea kuokota ndagala wake.

Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima. Nikatamani kutoka nje. Akauinua mkono ule juu, unatetemeka, kila mtu auone.

"Dawa ya mutoto wangu haiyafika. Bidonge nilimeza asubui. Lakini bile bigelegele byenu musibirudishe, mutuwekee."

Watu wakacheka, wakasema amina. Akarudi kwenye benchi letu, akauweka mkono wake juu ya goti langu lililokuwa likichezacheza tangu wimbo wa kwanza.

"We," akaninong'oneza, "tulia."