Reli Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

Meza yangu ya kukatia nguo sikuwahi kumwazima mtu, hata mume wangu, mpaka ile likizo ya Aprili baba alipoiteka na kuijengea reli.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, juu kidogo ya Sotik, dirisha likiangalia shamba letu dogo la chai. Sare za shule ndizo zinazonilisha, na magauni ya kanisa ndiyo yanayonipa jina. Baba alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya kuanguka na kuumia mguu jikoni kwake Fort Ternan, anakoishi peke yake tangu mama afariki. Alilala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka mwuza maziwa alipopita na kushangaa mbona mlango uko wazi na hakuna anayeitika.

Makubaliano yetu yalikuwa mafupi. Mguu ukipona, anarudi kwake. Yeye ndiye aliyeyatamka, mimi nikanyamaza, naye akachukulia nimekubali. Ukweli ni kwamba sikutaka arudi kabisa. Nilikuwa nakata kitambaa na ghafla namwona pale sakafuni, saa zote hizo, akiangalia dari. Lakini sisi wa nyumba ile hatujui kuombana. Kugombana ndiko tunakokujua vizuri.

Maisha yake yote alifanya kazi ya pointi, yaani pale stesheni ambapo njia ya reli inagawanyika, yeye ndiye aliyevuta mtambo treni ikaenda upande huu au ule. Ndiye aliyezipaka pointi hizo mafuta, na ndiye aliyempelekea dereva ruhusa ya kuondoka. Kazi ilimtoa magharibi akiwa kijana ikamleta Fort Ternan, akanunua kipande cha ardhi karibu na stesheni, na ilipoisha akabaki hapo hapo. Kwangu sikuwa na la kumpa afanye. Ng'ombe ni wa mume wangu, na kwenye mteremko wa chai mguu wake usingesimama. Alikaa tu verandani, koti lake la zamani la reli mabegani, akihesabu siku za kliniki ya Longisa.

Treni niliipata kwenye mtumba. Siku za soko huwa nafika mapema marobota yakifunguliwa, natafuta makoti mabovu ili niyakate vifungo na zipu. Siku hiyo robota moja lilikuwa la vitu vya watoto, na ndani yake mfuko wenye vipande vya reli, injini ya kijani ya kutosha kiganjani, mabehewa matatu, pointi moja, na kiboksi cha stima chenye kitufe cha kuzungusha. Seti ya mtoto anayeanza. Nilimnunulia binti yangu wa miaka tisa, ambaye alikuwa ameomba baiskeli. Alinishukuru kwa adabu, vile mtu anavyoshukuru kwa soksi.

Aliyeinuka kitini ni baba.

"Lete hapa," akasema. Akapitisha kidole kwenye kipande cha reli, akakigeuza. "Hata mataruma wameweka." Mataruma ni zile mbao zinazolazwa chini ya reli kuibeba, na hizi zilikuwa za plastiki. Alizihesabu zote. Sijui idadi ile ilikuwa ya kumpelekea nani.

Sakafu yetu aliikataa, eti imepinda. Akapita chumba kwa chumba na mkongojo wake, binti yangu nyuma amebeba bakuli la maji, wakiliweka hapa na pale waone maji yameinamia wapi. Maji yalitulia sawasawa mahali pamoja tu katika nyumba nzima.

"Baba, hiyo ni meza ya kazi," nikasema.

"Na hii nayo ni nini?"

Kufikia jioni reli ilikuwa imezunguka meza, na kijia cha pembeni cha treni kupishana. Mkebe wa nyuzi ukawa Fort Ternan. Mkebe wa biskuti upande wa pili ukawa Sotik, ambayo reli haijawahi kuifikia, na mtoto alitembea na fahari hiyo wiki nzima. Mimi nilibakiwa na robo ya meza, nikikata kola.

Kisha zikaja sheria. Hakuna treni kutoka bila tokeni. Baba alimweleza mtoto kwamba njia ni moja, treni zinaweza kutoka huku na kule, kwa hivyo laini nzima ina kitu kimoja tu cha kushikwa, na dereva ambaye hana hicho kitu mkononi haondoki, hata kama amebeba rais. Alipekua mkebe wangu wa vifungo akachagua kimoja kikubwa cha shaba, cha koti zito, ambacho nilikuwa nakiwekea mteja wa maana. Alimkabidhi mtoto kwa mikono miwili, mtoto akaendesha treni mpaka Sotik, akakiweka kwenye kisahani. Safari ya kurudi, vilevile.

Siku moja mkasi wangu ulikuwa nyuma ya mabehewa. Nikazungusha kitufe kidogo treni isogee.

"Nani amekupa tokeni?" baba akauliza kutoka verandani.

"Baba, nataka mkasi."

"Wewe ungeua watu."

Nikairudisha treni nyuma, mwanamke mzima mwenye nyumba yake. Nilikasirika, halafu nikaingia jikoni nikacheka peke yangu. Alikuwa ameanza kuongeza ugali. Habari za Fort Ternan alikuwa hazitaji tena, nami nikaanza kutumaini kimoyomoyo kwamba yale makubaliano yatasahaulika.

Wiki ya tatu nilipeleka sare Bomet. Niliporudi mtoto alinipokea langoni, macho mekundu.

"Mami, treni imekataa."

Nilidhani stima imepotea, lakini taa ilikuwa inawaka. Injini ilitetemeka mara moja ikanyamaza. Reli zilikuwa zinang'aa kupita kiasi. Nikagusa, kidole kikateleza. Mkebe wangu wa mafuta ya cherehani ulikuwa mtupu, na kando yake kitambaa cheupe cha gauni la kipaimara kilikuwa na matone matatu ya mafuta, makubwa, katikati ya kifua.

"Kona ilikuwa inalia," baba akasema. Alikuwa amesimama kando ya meza, mikono ikimeremeta. "Kona ikilia unaipaka mafuta. Na pointi pia. Ndiyo kazi."

"Kazi gani?" nikasema. "Hapa si stesheni, baba. Kazi yako iliisha zamani. Hapa huna kazi."

Ningeweza kuyarudisha mdomoni ningeyarudisha. Alitoa leso yake mwenyewe mfukoni, akajifuta kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu asiguse kitambaa kingine changu, akaenda kukaa verandani.

Kesho yake, wakati wa chai, akasema, "Daktari amesema mguu uko sawa. Jumatatu nitaenda kwangu."

"Sawa," nikasema.

Mume wangu alinifuata jikoni. "Mwambie akae."

"Atakaa akitaka."

Akatikisa kichwa akaenda kwa ng'ombe wake. Nami nikampigia simu jirani mwenye gari la Probox aje Jumatatu kumchukua baba, kwa kiburi kitupu.

Jumamosi nilibeba injini na kipande cha reli hadi kwa fundi wa redio pale Sotik. Alinusa reli akacheka. Stima ya treni hii, akanieleza, inapita kwenye reli yenyewe ndipo inaingia magurudumuni, na mafuta yanaizuia. Pangusa kwa spiriti, itatembea. Nilirudi polepole. Mimi ni mtu wa kupaka cherehani mafuta kila asubuhi. Ningekuwa nyumbani siku ile nisikie kona inalia, ningeuchukua mkebe uleule na kumwaga vilevile, na kitambaa ningekichafua mwenyewe. Niliona haya sana.

Nilianza kupangusa reli kwa spiriti na vipande vya nguo. Baba akaingia bila kuitwa, akachukua kitambaa, akaanza magurudumu. Nilimwambia maneno ya fundi.

"Reli yetu haikuwa inabeba stima," akasema.

"Hata mimi ningepaka, baba. Na yale maneno niliyosema juzi..."

"Yalikuwa ya kweli. Kazi iliisha."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia akae. Nilifungua mdomo, nikasema, "Hilo gurudumu bado lina uchafu." Akalipangusa tena. Treni ilipotembea, aliyeshangilia ni mtoto pekee.

Jumatatu shule zilifunguliwa. Binti yangu aliondoka mapema bila kuniaga. Probox ilifika saa tatu, begi likaingizwa. Baba alitoka amevaa koti lake, akapita mlangoni mwa chumba cha kushonea, akasimama, akaingia. Treni ilikuwa imeegeshwa Sotik. Akakiangalia kisahani.

"Tokeni iko wapi?"

"Si iko hapo?"

"Haiko."

Niliinama chini ya meza nikapekua vipande vya nguo. Hamna. Nikamwaga mkebe wa vifungo, nikapata kingine cha shaba, karibu sawa na kile. "Chukua hiki, baba."

"Hiyo si ya hii laini."

"Basi mtoto ameenda nayo shule."

"Kama ni hivyo, laini iko na mtu," akasema, akavuta kiti changu cha cherehani akakaa. "Siwezi kutoka."

Jirani alipiga honi, halafu akaingia. "Mzee, twende. Niko na watu wananingoja Litein."

"Wewe enda tu, kijana," baba akamwambia kwa heshima zote. "Laini haijafunguliwa."

Jirani akanigeukia mimi. Baba aliangalia dirishani, kwenye chai.

"Shukisha begi," nikasema.

Kisha nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mtoto aliporudi akakuta babu yake mezani, alimrukia karibu amwangushe. "Kugo! Hukuenda!" Ndivyo wanavyomwita babu upande wa mume wangu. Nilimvuta kando nikamwuliza kifungo kiko wapi. Akaapa hajakigusa. Nilikuwa na hakika anadanganya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake nikaacha uongo upite. Baba hakumwuliza kitu. Kesho yake alichagua kifungo kingine mkebeni, cheusi, cha suruali, na treni ikaondoka nacho bila shida yoyote.

Wiki mbili baadaye jua lilikuwa kali, baba amevua koti, nami nikalichukua nilifue. Fundi hafui koti kabla ya kugeuza mifuko. Katika mfuko wa ndani, upande wa kushoto, nilikuta leso yenye madoa ya mafuta ya cherehani, imekunjwa vizuri, na ndani yake kifungo cha shaba.

Nilisimama nacho karibu na karai. Kutoka chumba cha mbele nilimsikia akimkaripia mtoto kwa kukimbiza treni kwenye kona. Nikatazama mfuko. Bitana yake ilikuwa imechakaa, imeanza kutoboka pembeni, na kifungo kingeweza kudondoka siku yoyote.

Nililirudisha koti ndani bila kulifua. Nikaishona ile bitana kwa uzi wa rangi yake, mishono midogo isiyoonekana, nikakirudisha kifungo ndani ya leso na leso mfukoni, nikalitundika koti kwenye msumari wake.