Mti wa Kuegemeza Gari

Juzi, nikichagua jeki ya magurudumu dukani Kayanga, harufu ya oili ilinirudisha nyumbani Chonyonyo, nikiwa binti mdogo. Baba alikuwa ameliinua gari kwa jeki ndogo iliyolia kwii, kwii, akapanga magogo, akaingia uvunguni. Nililia. Kwetu mgomba uliolemewa na mkungu huegemezwa kwa mti wenye panda, na gari lile halikuwa nao. Nikakimbilia migombani, nikauleta.

"Baba, litakuangukia!"

Akatoka, akauegemeza mti ubavuni mwa gari. "Asante, mama. Sasa haliwezi kuanguka."

Leo najua haukushikilia chochote. Lakini tangu siku ile, kila alipotaka kuingia uvunguni, aliita kwanza: "Mama, lete mti wako."

Jeki niliinunua. Ila kabla sijaingia chini ya gari langu, nilipita kwanza migombani.