Bawa la Praima

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi zitakazokosa mahali pake. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na mkono wangu ukiharakishwa hukwama. Kuongea ndiko shida zaidi: mbele ya watu sauti yangu hurudi tumboni. Lakini kuhusu ile ndege siombi msamaha.

Nafanya kazi katika gereji ya kunyoosha magari yaliyogongwa, nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Jioni za mwaka jana nilichonga ndege ya kivita kwa vipande vya mbao walivyotupa mafundi wa sofa wa Ngong Road. Nilianza na rubani, niliyemchonga kutoka mpini wa mswaki, mdogo kuliko kidole gumba. Kila kitu kingine nilikipima kutokana naye. Kioo cha juu yake kilikuwa chupa ya plastiki ya soda niliyoipasha moto ikalegea. Nyufa nilizijaza fila ya gereji, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, nikasugua kwa msasa hadi mbao zikateleza kama bati.

Ndege kama hiyo haijawahi kuruka popote. Historia yake niliitunga nikisugua. Nchi zinazouza ndege zilikataa kutuuzia, basi serikali ikaja gereji kwetu kuuliza kama tunaweza kugonga mabati ya ndege. Tukasema tunaweza. Rubani alikuwa mama mmoja, msusi wa Kenyatta Market, kwa sababu walitafuta mtu ambaye vidole vyake havichoki. Ndiyo maana mkiani nilichora kitana. Siku adui alipokuja, ndege ilikuwa bado kwetu, bawa la kushoto lina praima tu, ile rangi ya kahawia inayotangulia rangi yenyewe. Kwetu mwenye gari akiwa na safari huondoka na praima, akarudi baadaye kumaliziwa. Rubani naye akaondoka hivyo.

Mteja mmoja aliiona, akaniambia kuna watu wanaounda ndege ndogo, na Jumamosi wangeonyesha kazi zao katika ukumbi fulani mjini. Mafundi wenzangu walikuwa wakiniita Komanda na kuniuliza kama nabeba abiria wa Kawangware. Waliposikia habari za ukumbi wakaacha mzaha. Waliahidi kuja wote.

Ijumaa nikaipeleka ndani ya katoni ya mkate. Mzee aliyekuwa akipanga meza aliishika kwa adabu, akaigeuza, akausifu mkono wangu. Kisha akanieleza kwamba kila ndege pale ina kibao cha nchi na kikosi chake, na yangu, kwa kuwa haikuwahi kuwepo, haina pa kuwekwa. Hata hivyo alitaka kunisaidia.

"Malizia hili bawa, kijana, ufute hicho kitana, tuchore bendera ya nchi yenye ndege zinazofanana na hii. Nitakupa meza ya mbele."

Meza ya mbele niliitaka. Akilini niliwaona mafundi wakiingia kesho yake na kuitafuta ndege yangu. Sauti ikaanza kurudi tumboni, nikaikamata njiani.

"Bawa limeisha, mzee. Na kitana hakitoki."

Akasema basi hawezi kuipokea. Nikairudisha kwenye katoni.

Jumamosi niliiweka nje ya ukumbi, juu ya ukuta mfupi wanapopita watu. Mafundi walikuja na mashati ya kanisani. Nikawaambia nimenyimwa meza, na kwa nini. Wakasimama nyuma yangu, mikono kifuani, kama wafanyavyo mteja akileta ubishi gereji. Wapita njia wakasimama kwa sababu yao, wakiuliza hiki ni nini. Mafundi wote walinitazama mimi.

Basi nikasema. Nilianza na rubani, nikaenda polepole kama ninavyoandika. Nilipofika kwenye bawa, askari wa jengo alikuja kutuondoa. Akasimama, rungu kwapani, akasikiliza.

"Sasa huyo mama alirudi?" akauliza.

"Alirudi," nikamwambia. "Akataka kumaliziwa rangi siku hiyo hiyo. Tukamwambia apange laini kama wengine."

Askari akacheka, kisha akatuambia tusizibe mlango. Tulikaa pale hadi ukumbi ulipofungwa.

Sasa ndege inaning'inia juu ya mlango wa gereji. Wateja huuliza bawa litapakwa lini. Silipaki. Nanyi mlio na kitu mlichoambiwa hakikuwahi kuwepo, niandikieni historia yake, hata kama mwandiko wenu ni mbaya kuliko wangu. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.