Muhogo Tulioutoa Muyinga

Tuliporudi kutoka Tanzania, mimi na mama, kaka yangu alitupokea kijijini kwetu Bugendana kwa mikono miwili. Yeye hakukimbia. Miaka yote ya vita alibaki kwenye ardhi ya baba, na tulipofika alitukatia kipande chetu bila mvutano. Kwa hiyo kubishana naye kulikuwa kugumu. Nilibishana naye hata hivyo.

Muhogo wa mlima wetu mzima ulikuwa umeshikwa na ugonjwa wa batobato. Majani yalijikunja yakawa na mabaka ya njano, na ukichimba, unakuta mizizi myembamba isiyotosha chungu. Nilikataa kupanda ugonjwa kwa mara ya pili. Nikapanda gari kwenda Muyinga kwa shangazi, muuza unga katika mtaa wa Waislamu, ambaye alikuwa amesikia habari za ushirika unaogawa pingili za muhogo unaohimili ugonjwa huo.

"Mi sijui iyi miti iko na nini ndani," aliniambia. "Watu wanasema iko ma-OGM, eti mwanaume akikula hazai tena. Lakini we uko na njaa. Enda uulize, mwanangu."

Mama naye alikuwa ameniagiza hivyo hivyo. "Kambini kule Tanzania tulikula mahindi ya njano, na hakuna aliyetuambia yametoka wapi. Safari hii nataka kuambiwa."

Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa ushirika, alikuwa mwanamke wa makamo. Nilimkuta shambani, nikamuuliza waziwazi kama muhogo ule ni OGM.

"Hapana," alisema. "Huu umepatikana kwa kuoanisha muhogo na muhogo, kizazi baada ya kizazi. OGM ni jambo lingine. Wataalamu huchukua kinasaba, pengine cha kiumbe kingine kabisa, wakakiingiza kwenye mmea."

"Na hiyo ni mbaya?"

"Ina faida. Kuna mahindi ya namna hiyo ambayo funza hawayawezi, mkulima akapunguza dawa. Yaliyopimwa na kuruhusiwa, watu wanakula, na hayajaonekana kudhuru kuliko mahindi mengine. Lakini kila mmea mpya lazima upimwe peke yake. Halafu chavua huenda na upepo hadi kwa jirani ambaye hakuitaka. Na mbegu nyingine zina mwenyewe: ukitaka kupanda tena, unanunua tena."

"Na hizi pingili?"

"Hizi ukivuna, kata, panda, mpe unayetaka."

Nilirudi na mzigo wa pingili juu ya gari. Kaka alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. Nikazipanda hata hivyo. Siku ya tatu nilimkuta shambani kwangu asubuhi, anazing'oa.

"Dada, hii itaharibu muhogo wangu."

"Muhogo wako tayari umekufa, kaka."

Aling'oa nyingine. Nilikuwa na hasira, na aibu pia, maana nilikuwa nimesimama juu ya ardhi aliyoilinda yeye. Mama alifika, akainama, akaanza kuzirudisha pingili ardhini. Nikainama pia. Kaka alisimama akitutazama, kisha akaenda zake.

Nyingine zilinyauka. Zilizopona zilitoa majani mapana, yasiyo na baka. Pembeni niliacha mashina machache ya muhogo wa zamani wa baba ambayo bado yalikuwa na nguvu, kwa sababu sikutaka kuweka tumaini langu lote kwenye mmea mmoja, hata kama ni mzuri.

Tulipovuna, mama alipika ugali wa muhogo huo na maharage, akamwita kaka. Alikula. Akasema haunati kama ule wa baba, na kweli haunati. Kisha akauliza kama pingili zipo.

"Zipo. Kwanza ukae nikueleze muhogo huu ulivyopatikana," nilimwambia.

Alikaa, akasikiliza, akauliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria Muyinga. Mengine sikuweza kuyajibu, nikamwambia hivyo.

Siku hizi redio ikitaja mahindi ya OGM, majirani hunigeukia wakitaka niseme ndiyo au hapana. Siwapi hilo. Nawaambia ikija mbegu, tutaiuliza hapa mlimani kwetu, mbele ya wote: umetengenezwaje, nani amekupima, tukivuna tunaruhusiwa kukupanda tena? Aliyeileta asipoweza kutujibu, atarudi na mfuko wake.