Mti Waliouwekea Kibao

Shangazi yangu alibebesha michungwa miaka arobaini. Alikata mche wa mlimau, akapachika chipukizi dogo la mchungwa kwenye gome, akafunga kwa ukanda wa nailoni. Mizizi ya mlimau ni migumu. Utamu unatoka juu ya kovu la pale alipopachika. Bonde zima lilikula kwa kisu chake, hata mimi nilisomeshwa nacho.

Kisha ugonjwa ukaingia mashambani, michungwa ikakauka, kiwanda cha juisi kikafunga milango. Ukabaki mti mmoja tu kati ya aliyobebesha Shangazi. Mwaka huu wakubwa wa halmashauri wakauzungushia uzio na kuuwekea kibao: "Mchungwa wa Kwanza. Urithi Wetu." Wakamwita Shangazi akate utepe.

Alipiga magoti, akapapasa shina mpaka akalipata kovu. Juu yake palikuwa na kisiki kikavu. Matawi yote mabichi yalikuwa yamechipuka chini ya kovu.

"Mchungwa umeshakufa," alisema. "Huu ni mlimau."

Ofisa utamaduni akacheka. "Mama, kibao kimeshaandikwa. Kata tu."

Urithi gani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonja tunda lake! Nilitaka kumpa vidonge vyake hapohapo, ila Shangazi alinishika mkono. Akakata, wakapiga makofi.

Nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu, akifuta kisu ambacho hakikuwa na uchafu.

"Nikifa," aliniuliza, "na mimi watasema nilikuwa nani?"